UKIRUDISHA KITABU, SEMA NENO

Ndugu Wanachama,

Twaomba nafasi kidogo katika gazeti letu. Kurasa zake hujaa habari za mishahara, likizo na mapatano na wakubwa, na ndivyo ipasavyo, kwa kuwa hiyo ndiyo kazi ya Chama. Lakini leo twataka kusema juu ya vitabu, na twawasihi msicheke mpaka mfike mwisho.

Sisi ni watu wa genge la njia ya reli, upande wa Samburu na Taru. Wengi wetu kwetu ni pwani ya kusini, Diani, Ukunda na Msambweni, na wengi masomo yetu yalikoma darasa la nane, wengine katika shule za misheni. Tangu hapo hatukufungua kitabu isipokuwa Biblia au Msahafu. Tulidhani vitabu vingine ni mambo ya mwalimu na mtihani: mwalimu huuliza, mtoto hujibu, na jibu la haki ni lile alilo nalo mwalimu.

Basi mwenzetu mmoja akaja na Utubora Mkulima, kitabu cha Shaaban Robert kilichotolewa 1968, miaka 6 baada ya kufa kwake. Alikipata Mombasa katika vitabu vikuukuu. Kikapita mkono kwa mkono, kila mtu juma moja. Wa kwanza aliporudisha aliulizwa, "Vipi?" Akasema, "Kizuri." Wa pili naye, "Kizuri." Wa tatu akasema, "Mimi sikukubaliana nacho." Hapo ndipo maneno yalipoanza.

Kwa wasiokisoma: Utubora ni karani aliyeacha kazi ya ofisini akaenda kushika jembe, akaona heri yake huko. Na aliyeandika hakuwa mgeni wa jambo hili. Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha katika Tanganyika tangu 1926 hadi 1944, kisha akafanya kazi katika ofisi nyingine za serikali. Alikuwa mtu wa mshahara kama sisi.

Mzee mmoja wa Msambweni, aliyekaribia kustaafu, alisema alipofika pale karani anapoaga kazi, alikifunga kitabu akakaa kimya. Miaka 30 amekuwa akibadili mataruma na kushindilia kokoto, na minazi ya babake ikaangaliwa na watu wengine. "Nilidhani uchungu huu ni wangu peke yangu," alisema.

Kijana wa Diani ndiye yule aliyekataa. Alisema, "Utubora alikuwa na pa kurudi. Mimi nikishika jembe nilitie wapi? Kwetu ufuoni ni hoteli na nyua za watu." Mwingine akasema shamba la wazee wake liliingia katika machimbo ya madini ya Kwale. Machimbo hayo yamefungwa Desemba 2024, na shamba si lile alilolijua.

Mama anayetupikia alikuwa akisikiliza, maana tulikuwa tukimsomea kila mchana. Akaweka upawa chini akasema, "Nyote mwasema shamba, shamba. Hakuna aliyeuliza ni nani aliyekuwa akililima mlipokuwa huku relini." Hatukuwa na jibu. Wake zetu na dada zetu ndio waliopalilia mihogo na kuokota nazi miaka yote hiyo, na sisi tulikuwa tukibishana kana kwamba lile shamba lilikuwa limelala likitungoja.

Ndugu, siku ile yalitoka mambo ambayo hatujapata kuyasema katika mkutano wa Chama, kwa kuwa hayakuwamo katika orodha ya mambo ya kujadiliwa. Yule mzee alikiri kwamba hana hati ya shamba la babake. Kumbe si yeye peke yake. Tulijihesabu tukawa wanne. Sasa jambo hilo liko mbele ya katibu wa tawi, ajue mstaafu anarudi wapi. Halikuletwa na hotuba. Lililetwa na kitabu cha hadithi, na mtu mmoja aliyethubutu kusema hakukubali.

Wako watakaosema mfanya kazi ataka fedha, si hadithi. Twawajibu kwa kitabu kingine. Mwenzetu ajuaye Kiingereza alitusimulia kwa siku tatu riwaya ya Sembène Ousmane, iliyotolewa kwanza kwa Kifaransa mwaka 1960, juu ya mgomo wa reli ya Dakar hadi Niger. Mgomo huo ulianza Oktoba 1947 ukaisha Machi 1948. Sembène alipata kuwa mpakuzi wa meli huko Marseille, na mtu wa chama kama sisi. Katika riwaya yake wanawake wanatembea kwa miguu kutoka Thiès hadi Dakar kuwaunga mkono wagomaji. Mama wa jikoni aliposikia hayo alitutazama tu. Nasi tukakumbuka kwamba Januari mwaka ule ule wa 1947 wafanya kazi wa Mombasa, wa bandari na wa reli, waliweka chini kazi zao. Nani atayasema ya kwetu, kama hatuna mazoea hata ya kusema kitabu kimetugusa wapi?

Kwa hiyo twaomba mambo matatu. Kwanza, kila tawi liwe na sanduku la vitabu. Shilingi 20 za kila mtu kwa mwezi zatosha kuanzia. Pili, gazeti hili litenge pembe moja, mwanachama aeleze kitabu alichokipenda au kilichomkera, kwa maneno yake mwenyewe, bila kuogopa kusahihishwa. Tatu, iwe kanuni: mtu asirudishe kitabu kwa kusema "kizuri" akaenda zake. Aseme ni wapi alisimama, na kwa nini.

Mwalimu hayupo tena. Jibu la haki ni la kila mmoja wetu, na wenzake wanalingoja.

Sisi wenu katika umoja,
Watu wa Genge la Njia, Samburu.