Giza la Kiwambo si Kifo cha Kompyuta

Misafara ya zamani iliyotoka Bagamoyo ilipofika Tabora iliikuta njia panda: moja yaelekea Ujiji, nyingine Karagwe na Buganda. Kompyuta mpakato inayoendeshwa na Linux, mfumo huria ulioanzishwa na Linus Torvalds mwaka 1991, nayo ina njia panda yake. Amri ya kuongeza mwangaza huweza kupitia programu ya msingi ya mtengenezaji, au kwenda moja kwa moja kwenye kiendeshi cha michoro. Ikishika njia isiyofaa, kitufe hubonyezwa na kiwambo kisibadilike.

Kwa hiyo si busara kukimbilia kununua kiwambo kipya. Kwanza kimulikwe kwa kurunzi: picha ikionekana kwa mbali, kilichokosekana ni taa ya nyuma tu. Pili, ifunguliwe folda ya /sys/class/backlight, na namba iliyo katika faili la brightness ilinganishwe na ile ya max_brightness. Ikiwa ndogo mno, iongezwe. Namba ikipanda na mwanga usipande, maneno acpi_backlight=native yaongezwe katika amri ya kuwashia. Yakiandikwa kwa uwashaji mmoja tu, hayaachi badiliko la kudumu.

Maarifa haya hayana budi kufundishwa shuleni. Mwanafunzi wa Tabora ajuaye kutafuta chanzo cha hitilafu hatalazimika kusafirisha kompyuta zaidi ya kilomita 800 hadi Dar es Salaam, wala kuitupa iliyo nzima. Mfumo huria umekwisha kufungua mlango. Kilichobaki ni walimu kuwaongoza vijana waingie.