Kisu Kisitangulie Kipimo

Mtu anapofika kituo cha afya na uvimbe pajani usiomuuma, mhudumu hudhani ni uvimbe wa mafuta, na mara nyingi hupatia. Sarkoma, yaani saratani inayoota katika tishu laini kama misuli na mafuta, ni takriban asilimia 1 tu ya saratani zote za watu wazima. Uchache huo ndio mtego. Tumezoea uvimbe usio na madhara, kwa hiyo huukata kwanza na kuuliza baadaye. Pengine hatuulizi kabisa, na kilichokatwa hutupwa ndooni. Maoni yangu ni kwamba desturi hiyo huwapotezea watu miguu na mikono ambayo ingeweza kuokolewa, na wengine huwapotezea maisha.

Sarkoma inapokua huzisukuma tishu za jirani hata zikafanya kitu kama ganda. Mkataji huona uvimbe ukibanduka kwa urahisi, akaamini kwamba ameumaliza. Kumbe ganda hilo lenyewe lina seli za saratani, na nyingine zimekwisha kulivuka. Damu inayovuja kidondani huzieneza kwenye tishu zilizokuwa salama. Mkato ukikingama badala ya kufuata urefu wa kiungo, eneo ambalo daktari bingwa atalazimika kuliondoa baadaye hupanuka zaidi. Ndipo upasuaji ambao ungeacha mguu unaotembea unapogeuka kuwa wa kuukata.

Hofu ya kukatwa kiungo huwafanya wagonjwa wengi wafiche uvimbe kwa miezi. Hofu hiyo inaeleweka, lakini ni vema wajue kilichokwisha kuthibitishwa. Mwaka 1982, Steven Rosenberg na wenzake wa Taasisi ya Taifa ya Saratani ya Marekani walichapisha matokeo ya utafiti uliowagawa wagonjwa 43 bila upendeleo. Wagonjwa 16 walikatwa kiungo. Wengine 27 waliondolewa uvimbe pamoja na tishu nzima zinazouzunguka, kisha wakapewa mionzi. Makundi yote mawili yalipata pia dawa za saratani. Miongoni mwa waliobakishiwa kiungo, 4 walirudiwa na uvimbe mahali pale pale. Kati ya waliokatwa, hakuna. Hata hivyo, katika kuishi haikuonekana tofauti ya maana. Sababu ni kwamba sarkoma ya mguu kwa kawaida huua kwa kusambaa, hasa kwenda mapafuni, na kuukata mguu hakuyalindi mapafu ambayo seli zimekwisha kuyafikia. Leo, penye wataalamu na vifaa, wengi hutibiwa bila kukatwa kiungo.

Kwa hiyo mhudumu wa zahanati au hospitali ya wilaya ana kazi kubwa kuliko anavyodhani. Uvimbe unaozidi sentimita 5, karibu urefu wa yai la kuku, usikatwe kwa kukisia. Vivyo hivyo ulio ndani ya misuli, unaoendelea kukua, au uliorudi baada ya kuondolewa. Kutouma si dalili ya usalama, kwani sarkoma nyingi haziumi mwanzoni. Mgonjwa apigwe picha ya kiungo, ikiwezekana kwa MRI, na kifua kichunguzwe. Kisha kipande kidogo kichukuliwe kwa sindano nene, mahali atakapopakubali daktari atakayefanya upasuaji mkuu, na kitiwe katika formalini, si katika maji ya chumvi. Tena kila uvimbe unaoondolewa, hata uliodhaniwa kuwa wa mafuta, upelekwe maabara ya patholojia.

Nitaambiwa kwamba rufaa ni safari ndefu na gharama, na kwamba mgonjwa akishaondoka huenda asifike. Ni kweli. Lakini kwa makubaliano ya simu na daktari bingwa, kipande kilichohifadhiwa vizuri kinaweza kutangulia na mgonjwa akasubiri majibu nyumbani. Nauli ya rufaa ya mapema ni ndogo kuliko gharama ya upasuaji wa pili, mionzi ya eneo kubwa zaidi na kazi iliyopotea. Wahenga walisema haraka haraka haina baraka. Hapa haraka inatakiwa katika rufaa; katika kisu, subira.

Si kila sarkoma hutibiwa kwa njia moja. Sarkoma ya Kaposi, inayojulikana sana Afrika Mashariki na ambayo mara nyingi hufungamana na VVU, hutegemea zaidi dawa za kufubaza virusi na dawa za saratani kuliko upasuaji. Hiyo nayo ni sababu ya kupima kabla ya kukata.

Nawe mgonjwa, una haki ya kuuliza maswali matatu kabla ya kulala mezani: Je, uvimbe huu umepimwa? Nani ataupeleka maabara? Majibu nitayapata lini? Kama umekwisha kukatwa na maabara ikasema ni sarkoma, usikate tamaa wala usisubiri urudi. Upasuaji wa pili uliopangwa vizuri, pamoja na mionzi, bado unaweza kukuokoa. Matarajio hutegemea ukubwa wa uvimbe, kina chake, ukali wa seli na kama umesambaa. Kwa takwimu za Marekani, takriban wagonjwa wanane kati ya kumi ambao sarkoma yao haijasambaa huwa hai baada ya miaka 5. Ikishafika viungo vya mbali, ni chini ya wawili kati ya kumi. Dawa na mionzi vina sehemu yao katika kuongeza idadi hiyo, lakini mengi huamuliwa mapema zaidi, siku mgonjwa anapoonyesha uvimbe wake kwa mara ya kwanza.