Kizungu Kipi?



Zamani nilipokuwa mwanafunzi shuleni hapo, hatukuwa na shaka juu ya maana ya Kizungu. Kizungu kilikuwa Kiingereza, basi. Sasa nafanya biashara ya samaki wakavu huku Nchelenge, kando ya Ziwa Mweru nchini Zambia, nami nimejifunza kwa aibu kwamba neno hilo lina mizigo mingi.

Upande huu wa ziwa, wasemao Kibemba hukiita Kiingereza icisungu, yaani lugha ya Wazungu, kama tusemavyo sisi. Lakini ukipanda mashua ukavuka mpaka Kilwa ya Kongo (siyo Kilwa yetu ya pwani), Kizungu ni Kifaransa, kwa kuwa waliotawala huko ni Wabelgiji. Maji ni yale yale, samaki ni wale wale, neno ni lile lile, lakini lugha ni mbili.

Siku moja mama mmoja wa ng'ambo, tuliyezoea kusemezana naye Kiswahili, alinijia na karatasi ya dawa ya mtoto wake. Akasema, "Baba, wewe unajua Kizungu, unisomee." Nikatazama. Kilikuwa Kifaransa. Watu walikuwa wametuzunguka, nami naitwa msomi pale sokoni. Nikaona aibu kusema sijui. Nikaona tarakimu 3, nikasema, "Vidonge vitatu kwa siku."

Kwa bahati kijana mmoja wa mashua, aliyesoma Kongo, aliichukua karatasi akaisoma kwa sauti. Ilisema nusu kidonge kwa siku, kwa muda wa siku 3. Yule mama hakunilaumu. Alinitazama tu, akaikunja karatasi, akaenda zake. Tangu hapo hajaniomba kumsomea kitu.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Kosa langu halikuwa kutojua Kifaransa, kwani sikufundishwa. Kosa langu lilikuwa kuamini maana ya tatu ya Kizungu, ile isiyoandikwa katika kamusi: kwamba Kizungu ni elimu yenyewe, na ajuaye Kiingereza hana ruhusa ya kusema sijui.

Jina moja tukilipa kazi nyingi hutupoteza. Tulisoma kwamba Livingstone, aliyefika Mweru mwaka 1867, alikuwa Mwingereza. Sivyo, alikuwa Mskoti, mzaliwa wa Blantyre karibu na Glasgow. Dan Crawford, mmisionari wa Luanza ng'ambo ya ziwa hili, naye alikuwa Mskoti. Na Mzungu aliyetawala Tanganyika kabla ya Vita vya 1914–1918 alikuwa Mdachi. Wote tumewafunga katika furushi moja, na furushi hilo tukaliita ustaarabu.

Labda mtasema nakidharau Kiingereza. La, hasha! Ndiyo lugha ya serikali ya Zambia. Risiti zangu na barua za benki huandikwa kwa lugha hiyo. Ninyi mlio madarasani, jifunzeni kwa bidii, wala msione haya kukikosea. Lakini lugha ni kama wavu. Wavuvi wa huku hutumia wavu wa macho madogo kwa chisense, ambao ni kama dagaa wetu, na wavu wa macho makubwa kwa samaki wakubwa. Mvuvi hamcheki mwenziwe kwa sababu ya wavu wake. Humuuliza amepata nini.

Basi nawaomba mambo mawili. Kwanza, iteni kila lugha kwa jina lake: Kiingereza, Kifaransa, Kibemba, Kiswahili. Pili, mwenzenu akikosea Kiingereza darasani msimcheke, maana mnamfundisha kuficha asilolijua. Mimi nilifundishwa hivyo, na nusura mtoto wa mtu alipie.

Ni mimi, mwanafunzi wenu wa zamani,
Nchelenge.