Mbokani ao Bakambu? Tuhesabu magoli, lakini tuyapime pia

Hapa Baraka, jioni wavuvi wanapongoja giza ili waingie ziwani, mabishano ya mpira hayakosi. Swali moja linarudi kila mara: kati ya Dieumerci Mbokani na Cédric Bakambu, nani aliwafaa Leopards zaidi mbele ya goli? Kila upande unataja jumla ya magoli, na mwenye sauti kubwa ndiye anashinda.

Mimi naona jumla peke yake haitoshi. Goli lina uzito wake: limefungwa dhidi ya nani, timu ikiwa katika hali gani, na ni la penalti ao la mchezo.

Tuanze na Mbokani. Katika CAN ya 2013 alifunga mara mbili, dhidi ya Ghana na Mali, zote kwa penalti. Anayemdharau ataishia hapo. Lakini akumbuke robo fainali ya 2015. Brazzaville walikuwa mbele 2-0. Mbokani ndiye aliyefunga goli letu la kwanza, na ndiye aliyefunga la mwisho: 4-2. Nusu fainali tulipigwa 3-1 na Côte d'Ivoire, na goli letu moja lilikuwa lake, la penalti. Leopards wakamaliza wa tatu.

Bakambu naye alifunga matatu katika CAN ya 2019: mawili tulipoipiga Zimbabwe 4-0, moja likiwa la penalti, na lingine dhidi ya Madagascar, mechi ya 2-2 iliyotutoa kwa mikwaju. Januari 2024 penalti yake dhidi ya Morocco iligonga mwamba, na alimaliza CAN ile bila goli. Wengi walisema amekwisha. Lakini mwezi wa Septemba 2025, akiwa na miaka 34, aliifunga Senegal mjini Kinshasa, ingawa tulipoteza 3-2. Desemba akaifunga tena katika CAN, 1-1. Senegal si timu ya kufungwa kwa bahati.

Uamuzi wangu? Katika CAN, Mbokani yuko mbele, kwa sababu ya ile mechi ya Brazzaville: alifunga wakati tulikuwa tunazama. Kwa kudumu, Bakambu anastahili heshima kuliko anayopewa. Na umri usitudanganye: Mbokani mwenyewe, akiwa na miaka 34, alimaliza msimu wa 2019-2020 akiwa kati ya wafungaji wawili bora wa Ubelgiji, na magoli 18 akiwa Antwerp.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi wa Fizi? Kwa sababu tunawahukumu wachezaji wetu vilevile. Kijana akifunga matano dhidi ya timu dhaifu anaitwa nyota. Mkubwa akikosa penalti moja anawekwa kando. Na siku timu ya Uvira ao Bukavu inapotafuta mshambuliaji, mtoto wetu hana cha kuonyesha ila maneno ya marafiki zake.

Makocha na viongozi wa timu, nunueni daftari moja. Andikeni dakika alizocheza, magoli, penalti na timu pinzani. Bei yake ni ndogo kuliko ya mpira. Bila maandishi, kipaji cha Baraka kitabaki hadithi ya ufukweni.