Bei ya Santuri Si Aibu

Kila mara mazungumzo ya santuri za zamani yanapozuka darasani kwetu, mtu husimama akasema kwamba urithi hauuzwi, na sisi wengine humpigia makofi. Hata mimi nilikuwa nikipiga. Leo sipigi tena. Nashikilia kuwa maneno hayo, ingawa ni matamu masikioni, yanatupotezea santuri, kwa sababu yanatufanya tuone haya kuuliza swali ambalo kila mwenye mali anapaswa kuuliza: kitu hiki kina thamani gani, na kwa nini?

Haya nimejifunza kwa hasara. Nkambo, yaani babu yangu, alipofariki hapa Lubumbashi, katika mtaa wa Kenya, aliacha sanduku la bati lililojaa santuri. Tulikuwa na deni la mazishi. Akaja mnunuzi, akafunua sanduku, akataja bei moja ya mzigo wote. Baba mdogo akakubali na kumshukuru. Kisha yule bwana akachuchumaa uani, akapitia santuri moja moja akiziinamisha kwenye mwanga, akachagua tisa na kuzifunga kwenye magazeti. Zilizobaki akaziacha langoni, ndani ya gunia. Hakutuibia. Alilipa alichoahidi. Ila yeye alijua na sisi hatukujua, na ujinga wetu ndio uliokuwa faida yake.

Gunia lile ndilo lililonifundisha. Jambo la kwanza: umri peke yake hauna bei. Tunapenda kusema kuwa ya kale ni dhahabu, lakini katika gunia mlikuwa na nyimbo za Jim Reeves, ambazo ni za kale kweli. Santuri zake ziliuzwa kwa wingi sana duniani, na kitu kilicho katika kila nyumba hakimtoi mtu jasho kukitafuta. Bei huzaliwa pale ambapo nakala ni chache na wanaozitaka ni wengi. Nakala zikiwa chache lakini hakuna anayezitaka, bado huna kitu.

Jambo la pili ni hali ya santuri yenyewe. Ndiyo maana mnunuzi aliziinamisha kwenye mwanga: alikuwa akitafuta mikwaruzo. Zile nzito za mizunguko 78 kwa dakika zilitengenezwa kwa shelaki, utomvu wa wadudu, nazo huvunjika kama sahani ya udongo. Za mizunguko 45 na 33 ni za vinili. Hazivunjiki upesi, lakini hukwaruzika na kupindwa na joto. Hapa pana kitendawili: wimbo uliopendwa ulichezwa mpaka sindano ikala mifereji. Kwa hiyo hata wimbo uliouzwa sana unaweza kuwa adimu ukiutafuta katika nakala safi. Jalada na karatasi ya lebo navyo huhesabiwa. Baba mdogo alikuwa amezisafisha kadhaa kwa spiriti ili zing'are mbele ya mnunuzi. Spiriti huyeyusha shelaki. Aliharibu mali akidhani anaipamba.

Jambo la tatu ni toleo. Jina la kampuni na namba iliyo kwenye lebo, pamoja na namba iliyochorwa kwenye ukingo laini unaozunguka lebo, husaidia kutambua kama unashika toleo la kwanza au lililorudiwa miaka baadaye. Wimbo ni uleule, bei ni mbingu na ardhi. Na ukitaka kujua bei, usitazame anachoomba muuzaji, tazama kilicholipwa. Kuomba hakugharimu kitu.

Wahadhiri wetu watanijibu: ukiwafundisha watu bei, kila mtu atauza. Naomba wanisamehe, lakini watu wanauza tayari. Wanauza kwa mzigo, gizani. Anayejua bei ndiye pekee anayeweza kukataa, kwa kuwa anajua anachokikataa. Tena wanaotuambia tusiuze hawajawahi kuleta kabati wala mashine ya kuhifadhia. Deni la mazishi halilipwi kwa hotuba.

Isitoshe, idara zetu nazo zimeweka bei, ingawa hazikiri. Hapa Katanga wapiga gitaa waliimba kwa Kiswahili chetu. Mwenda Jean Bosco alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 huko Jadotville, mji tunaouita Likasi leo, na santuri zake zikatolewa na lebo ya Gallotone ya Afrika Kusini. Hiyo ni sauti ya Kiswahili cha migodini, miaka minane kabla ya uhuru. Sisi darasani tunakiita Kiswahili kibovu na kukipa sifuri. Mkusanyaji wa ng'ambo anakitafuta na kukilipia. Basi ni nani aliyeudharau urithi, aliyelipa au aliyekataa kusikiliza?

Sisemi kwamba soko ndilo hakimu. Katika gunia nilikuta santuri moja iliyopasuka ukingoni, isiyo na jalada, ambayo hakuna atakayeitolea hata faranga. Juu ya lebo nkambo ameandika kwa kalamu jina la bibi. Hiyo siiuzi. Lakini naweza kusema hivyo kwa sababu nimekwisha kujua ipi ni ya soko na ipi ni ya nyumbani.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Basi tuanze na daftari. Kila mmoja wetu arudi kwao likizo hii, aandike lebo, namba, mwimbaji, lugha na hali ya kila santuri, apige picha, anakili sauti kabla sanduku halijafunguliwa mbele ya mgeni. Baada ya hapo familia yenye shida na iuze, tena bila haya, kwa bei inayostahili. Zile tisa za nkambo hazitarudi. Kinachoniuma zaidi ya fedha ni kwamba hata majina yake siyajui.