Anayechelewa Si Mama Peke Yake

"Mmechelewa kumleta." Maneno mawili tu, na kesi imekwisha. Hakimu amevaa koti jeupe, mshitakiwa ni mwanamke wa shamba mwenye kanga iliyolowa matapishi, mtoto amemlegea begani hajitambui, na hukumu inasomwa mlangoni kabla hata kidole cha mtoto hakijatobolewa kupimwa sukari. Miaka nenda miaka rudi hukumu ni hiyo hiyo. Kwa kuwa mama hajui pa kukatia rufaa, leo namkatia mimi.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Madaktari huiita hali hii ensefalopathia: ubongo mzima unavurugika kwa sababu kuna jambo limeharibika, mara nyingi nje ya ubongo wenyewe. Malaria kali. Sukari iliyoporomoka. Kukosa hewa wakati wa kuzaliwa. Manjano ya mtoto mchanga yaliyopanda kupita kiasi. Ini lililochoka, figo zilizogoma, presha ya mjamzito, sumu. Mgonjwa huweweseka, hamtambui mwanawe, hulala mchana akakesha usiku, hukakamaa, huzimia. Nyingi ya sababu hizo zina dawa, na baadhi ya dawa zenyewe ni za bei ya chini kabisa. Lakini dawa hizo zote zinashindana na saa. Ubongo uliokosa sukari au oksijeni hauna akiba ya kungojea.

Sasa twende Mangapwani, Unguja. Watalii wanaijua kwa pango lake la matumbawe na kwa chumba cha chini ya ardhi walimofichwa watumwa baada ya Sultan Barghash kutia saini mkataba wa 1873. Wawekezaji wanaijua kwa habari za bandari. Mzazi wa hapo anaijua kwa jambo jingine: ni kilomita 20 na ushei kaskazini ya Mji Mkongwe, na mwanawe akianza kutetemeka saa nane za usiku, kila kilomita ina bei yake.

Mtoto ana homa tangu juzi. Usiku macho yanapanda juu, meno yanagongana, mwili unakakamaa. Nyumba nzima inalijua jina: degedege. Bibi anataka ubani. Jirani anaapa kwamba degedege haitaki sindano, akidungwa tu atakufa. Baba yuko dago, kwenye kambi ya wavuvi, simu haipatikani, na mama hana ruhusa wala nauli. Anaitwa maalim. Kombe linaandikwa kwa zafarani juu ya sahani nyeupe, linaoshwa kwa marashi, na mtoto asiyejitambua anafunguliwa meno kwa kijiko anyweshwe.

Hapo namgeukia maalim, kwa heshima lakini bila ya kumung'unya maneno. Dua yako soma, maalim; hakuna daktari mwenye haki ya kukuzuia kumwomba Mungu. Lakini aliyezimia hamezi. Unachomtia kinywani, kiwe kombe, kiwe asali, kiwe maji ya Zamzam, kinaweza kwenda moja kwa moja mapafuni. Mlaze ubavu, kinywa kiache kitupu, msomee huku gari inatafutwa. Ukimweka mkekani mpaka alfajiri kwa kumtoa shetani, basi na wewe jina lako liandikwe katika orodha ya waliochelewa. Watafiti waliofanya kazi Bagamoyo miaka ya 1990 waliwakuta wazazi wengi wakimpeleka mtoto wa degedege kwa mganga kwanza, hospitali baadaye. Baina yetu na Bagamoyo ni mkono wa bahari tu. Tusijifanye sisi ni wengine.

Ila kumchapa mganga ndiyo kazi rahisi kuliko zote. Semina zetu huishia hapo, watu wakala biriani wakatawanyika. Hasira yangu kubwa iko mbele ya safari.

Mama amevishinda vikwazo vyote, amefika kituo cha afya. Je, kuna vijiti vya kupimia sukari? Kipimo chenyewe ni tone la damu ya kidole, sekunde chache, tarakimu kwenye kioo. Malaria kali humaliza sukari ya mtoto, na kwinini nayo huishusha zaidi. Ikishuka, tiba ni glukosi ya asilimia 10, mililita 5 kwa kila kilo ya uzito, kwenye mshipa. Mshipa usipopatikana, mhudumu huweka sukari iliyoloweshwa chini ya ulimi, kidogo kidogo, huku akimwangalia. Sukari, jamani! Wilaya ya Kaskazini B ina kiwanda kizima cha sukari pale Mahonda. Mtoto wa wilaya hiyo aharibikiwe ubongo kwa kukosa kijiko chake?

Je, kuna artesuneti? Mwaka 2010 ulitangazwa utafiti wa watoto 5,425 wenye malaria kali katika nchi 9 za Afrika, na miongoni mwa hospitali zilizoshiriki zilikuwamo za Muheza na Korogwe, hapo ng'ambo Tanga. Kwa kwinini walikufa karibu watoto 11 katika kila 100. Kwa artesuneti 8 na nusu. Tangu hapo mjadala ulifungwa: artesuneti ya sindano kwanza, ikifuatiwa na dawa mseto ya kumeza mgonjwa akizinduka. Kwa kituo kisichoweza kudunga, iko ya kuwekwa njia ya haja kubwa kwa watoto walio chini ya miaka 6, kisha rufaa ya haraka, kwani hiyo peke yake haitoshi. Kwa hiyo elimu ipo, ushahidi upo, dawa ipo duniani. Swali ni kama ipo kwenye kabati la kijijini usiku ule.

Mtaniambia malaria Zanzibar imekwisha. Haijesha. Tangu dawa mseto zilipoanza kutumika mwaka 2003, zikafuatiwa na vyandarua na upigaji dawa majumbani, maambukizi yameshuka hadi chini ya asilimia 1, na waliofanya kazi hiyo wanastahili sifa. Lakini ushindi huo una mtego wake. Mtoto wa leo, hata baba yake, hana tena kinga waliyokuwa nayo wazee waliougua kila masika. Anakwenda Bara wiki mbili kwa shangazi, anarudi na homa, na anayempokea hajaona malaria ya kichwa tangu amalize chuo. Tukidhani adui amehama, tutamkuta ndani.

Wala si kila aliyezimia na homa ana malaria. Huenda ni homa ya uti wa mgongo, na njia ya kuijua ni kuchukua maji ya mgongoni kwa sindano. Wazazi wengi wanaikataa kwa kuamini inaua au inapoozesha. Wanaikataa kwa sababu wameletewa karatasi ya kutia saini bila ya kuelezwa neno. Daktari, dakika tano za maelezo nazo ni tiba.

Na anayepona je? Mwaka 2008 watafiti waliowafuatilia watoto wa Uganda waliougua malaria ya kichwa walikuta kwamba baada ya miaka miwili, takriban mmoja kati ya wanne alikuwa na upungufu wa akili ya kukumbuka, kuzingatia au kujifunza. Mtoto anatembea, anacheza mpira, watu wanamshukuru Mungu. Skuli hashiki somo, anachapwa kwa uvivu. Tumemtoa wodini tukafunga faili, na mwalimu hakuambiwa kitu.

Tuingie chumba cha kuzalia, ambako kuchelewa huhesabiwa kwa dakika. "Mtoto amezaliwa amechoka," huambiwa mama. Amechoka na nini? Alikosa hewa. Mtoto asiyelia anahitaji kukaushwa, kusuguliwa mgongo, na akiwa bado hapumui, kupewa pumzi kwa mfuko na barakoa ndani ya dakika ya kwanza. Hospitali 8 za Tanzania zilipowafundisha wakunga kazi hiyo, vifo vya siku ya kwanza vilipungua kwa asilimia 47, kama Dk Georgina Msemo na wenzake walivyochapisha mwaka 2013. Kwa mfuko wa mpira na mikono iliyozoeshwa! Kwa hiyo kila ninapomwona mama amembeba mgongoni mtoto wa miaka saba mwenye mtindio wa ubongo, huku mtaa ukinong'ona kwamba alikanyaga uchawi akiwa mjamzito, nataka kuuliza: usiku ule zamu alikuwa nani, na ule mfuko ulikuwa wapi?

Mjamzito mwenyewe naye ana ubongo. Presha ikipanda, kichwa kikauma, macho yakaona vimulimuli, kifafa cha mimba kiko mlangoni. Utafiti mkubwa wa kimataifa wa mwaka 2002 ulionesha kwamba magnesiamu salfeti hupunguza hatari ya kifafa hicho kwa zaidi ya nusu. Ni dawa ya zamani, na rahisi. Anayemwacha mama huyo akipungwa pepo, na anayeiacha dawa hiyo iishe stoo, wote wawili wamempa mgongo.

Watu wazima nao hawakusalimika. Mwezi wa Ramadhani, saa kumi za jioni, mzee wa kisukari aliyemeza glibenklamidi usiku na hakula daku anaanza kuzungumza maneno yasiyo kichwa wala miguu, jasho linamtoka, anamtukana mkewe. Watu wanasema ruhani amempanda. Sukari imemshuka, basi. Akiwa bado anameza, apewe kitu kitamu hapo hapo, na saumu ataikidhi. Mwenye ini bovu, ambaye mikono yake inapapatika na usingizi wake umegeuka, pengine hajapata choo siku nne au anatapika damu. Laktulosi na kutibu kilichochokoza humrudishia akili. Dawa za usingizi humzamisha. Na wengi wa hao ini lao limeliwa na homa ya ini aina ya B, ambayo watoto wetu wanachanjwa tangu 2002 lakini wazazi wao wengi hawajapimwa hata mara moja.

Kuna wanaonijibu kwamba tatizo ni kukosa mashine. Mashine ni nzuri, sizikatai. Lakini sikilizeni habari ya mashine. Nchi tajiri huwapoza miili watoto waliokosa hewa ili kuokoa ubongo. Tiba hiyo ilipojaribiwa India, Sri Lanka na Bangladesh, matokeo yakatolewa mwaka 2021, haikusaidia, na waliopozwa walikufa wengi zaidi ya wasiopozwa. Tunaweza kukata utepe wa jengo la ghorofa, tukapiga picha na mtambo unaong'ara, na bado mtoto wa Mangapwani akapotea kwa kukosa kijiti, kijiko na mfuko.

Basi nadai haya. Kila kituo cha afya cha Unguja na Pemba kiwe, usiku na mchana, na vijiti vya sukari, glukosi, artesuneti, magnesiamu, oksijeni na mfuko wa kupumulia watoto, na orodha yake ibandikwe ukutani ili kila mwanakijiji aisome. Gari ya wagonjwa iwe na dereva aliye macho na mafuta ndani ya tangi. Wahudumu wa afya wa kujitolea, ambao tayari wanapita nyumba kwa nyumba, wakae kitako na maalim na wakunga wa jadi na wakubaliane: aliyezimia hanyweshwi, anasafirishwa. Anayefikishwa hospitali hajitambui atibiwe kwanza, mahojiano baadaye. Na kina baba mnaokwenda dago, acheni ruhusa na nauli nyumbani.

Bajeti ya afya itakapofika tena Baraza la Wawakilishi pale Chukwani, mwakilishi wa jimbo lenu asimame aulize jambo moja: mwaka uliopita, kila kituo kilikaa siku ngapi bila ya vitu hivyo? Wizara ijibu kwa jina la kituo na idadi ya siku. Asipouliza, muulizeni yeye kwa nini alinyamaza, tena kabla hajarudi kijijini kuomba kura.