KIKOMBE CHA ASUBUHI: MATUNDA, KARANGA, NA KAKAO KIDOGO

Katika mafundisho ya afya watu hutuuliza mara nyingi swali moja. Wanasema, "Huko mijini watu hutia matunda, maziwa na chokoleti katika mashine ya umeme, kisha hunywa asubuhi, na watoto wao wananenepa. Je, sisi wa Kabambare tununue kopo la chokoleti?" Leo nataka kulijibu swali hili waziwazi, maana pesa nyingi inapotea dukani na watoto wetu bado wanavimba miguu.

Jibu langu ni hili. Kinywaji hicho ni chema, na kila nyumba inaweza kukifanya pasipo mashine. Lakini nguvu yake haitoki katika kopo. Inatoka katika ndizi, papai na karanga. Kakao ni mgeni tu. Akija, mkaribisheni kwa kijiko kimoja. Asipokuja, chakula kimetimia bila yeye.

Matunda yetu si jambo jipya

Mwaka 1893 askari wa Dola Huru ya Kongo waliuteka mji wa Kasongo. Pamoja nao alikuwako mganga Mwingereza, Sidney Hinde. Katika kitabu alichotoa mwaka 1897 aliandika habari za bustani alizoziona pale: machungwa matamu na machungu, mapera, makomamanga, mananasi, maembe na ndizi. Aliona pia ghala zilizojaa mchele, mahindi na kahawa. Mashamba yale yalilimwa kwa jasho la watumwa wengi, wala haifai kusahau jambo hilo. Lakini mbegu zilibaki. Leo mwembe ni wa kila kijiji, na mpapai huota wenyewe nyuma ya jiko. Basi mtu asiseme kwamba kunywa matunda ni desturi ya wageni. Mali hii iko kwetu tangu zamani, ila tunaitazama kama kitu cha watoto na ndege.

Shida iko wapi?

Tazameni asubuhi ya nyumba nyingi. Baba anapata chai yenye sukari vijiko vitatu. Mama anakwenda shambani bila kitu tumboni. Mtoto wa miaka miwili anapewa kiporo cha ugali wa muhogo, mara nyingi pasipo mboga, naye anangoja mpaka jua linapogeuka. Wakati huohuo mapapai yamo kikapuni, yanakwenda sokoni, ili mama anunue sukari ya chai ya kesho. Huo ndio mzunguko ninaotaka tuukate.

Mwili unahitaji chakula cha namna tatu: cha kutia nguvu, cha kujenga, na cha kulinda. Muhogo hutia nguvu, lakini hujenga kidogo sana. Katika gramu 100 za unga wa muhogo, chakula cha kujenga mwili hakifiki gramu 2. Katika gramu 100 za karanga, kinafika gramu 25 hivi, na karibu nusu ya uzito wake ni mafuta mema. Papai na embe lililoiva zina vitamini A, inayolinda macho. Pera lina vitamini C zaidi ya mara tatu kuliko chungwa, nasi tunaliacha lianguke na kuoza.

Mwaka 1933 mganga mwanamke, Cicely Williams, aliandika habari za ugonjwa aliouona katika nchi ya Gold Coast, ambayo sasa ni Ghana. Miguu ya mtoto huvimba, nywele hupauka, ngozi hubanduka, naye hataki kucheza wala kula. Mwaka 1935 akauita kwa jina la watu wa huko, kwashiorkor, maana yake ugonjwa unaompata mtoto anayeachishwa ziwa kwa sababu mdogo wake amezaliwa. Ninyi akina mama mnaujua bila kuambiwa jina. Sababu zake ni zaidi ya moja, lakini chakula cha namna moja tu, siku baada ya siku, ni mlango mkubwa wa kuingilia.

Chokoleti ni kitu gani?

Chokoleti hutoka katika mbegu za mkakao. Mti huu unalimwa hata katika Kongo yetu, katika misitu ya Beni na Mambasa, na huko Mayombe upande wa bahari. Mkulima huvunja tunda, huchachua mbegu siku kadhaa, huzianika juani, kisha huziuza. Sehemu kubwa husafirishwa kwenda nchi za ng'ambo. Huko zinakaangwa na kusagwa, na nyingine hurudi kwetu zikiwa ndani ya makopo mazuri yenye picha ya mtoto anayecheka. Sisi tunailipia safari yote hiyo, pamoja na picha.

Tena, unga ulio ndani si kakao tupu. Chukueni kopo, msome maandishi yake madogo. Kwa desturi, kitu kilicho kingi kuliko vyote huandikwa mbele. Mkiona neno "sucre" ndilo la kwanza, jueni kwamba mmenunua sukari iliyopakwa rangi ya kakao. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2015 kwamba sukari inayoongezwa katika chakula iwe kidogo, na afadhali isipite gramu 25 kwa siku kwa mtu mzima, yaani vijiko vidogo sita. Mwaka 2023 lilishauri kwamba watoto wa miezi 6 mpaka 23 wasipewe kabisa vinywaji vilivyotiwa sukari. Yule aliyetumaini kopo kwa ajili ya mtoto wake mdogo na afikiri maneno haya.

Sisemi kakao ni sumu. Ladha yake ni nzuri, nayo humvuta mtoto mkubwa asiyependa papai. Nasema tu kwamba ina kazi ndogo, nasi tumeipa kiti cha mwenye nyumba.

Karanga imekwisha kushinda chokoleti

Watoto waliokonda sana hupewa hospitali pakiti za chakula laini, nao huzifyonza kwa furaha. Ni nini kilicho ndani? Ni karanga zilizosagwa, maziwa ya unga, mafuta, sukari, vitamini na madini. Chakula hicho kilibuniwa mwaka 1996 na Mfaransa André Briend, mganga wa watoto, pamoja na Michel Lescanne, mtengenezaji wa vyakula. Husimuliwa kwamba Briend alijaribu kwanza chokoleti, ikayeyuka kwa joto. Kisha akatazama siagi ya chokoleti ya kupaka mkate, akaona kwamba kitu cha namna hiyo kingeweza kutengenezwa kwa karanga. Basi, mtaalamu alianza kwa chokoleti akafika kwenye karanga. Sisi tunazo karanga shambani, na tunaziuza ili tukanunue chokoleti!

Namna ya kufanya

Kwa vikombe vinne, tafuteni vitu hivi:

Ndizi mbivu mbili.
Kipande cha papai lililoiva, ukubwa wa kiganja cha mkono. Majira ya maembe, embe moja lafaa.
Karanga konzi mbili.
Maji vikombe viwili, yaliyochemshwa na kupoa. Kama mna maziwa yaliyochemshwa, kikombe kimoja cha maji kiwe cha maziwa.
Kakao kijiko kidogo kimoja, kama ipo.

Kwanza, chagueni karanga. Yenye ukungu, iliyogeuka rangi au kusinyaa, itupeni, maana ukungu ule una sumu inayoharibu ini, wala moto wa jikoni hauiondoi yote. Zilizo safi zikaangeni kwa moto mdogo, ondoeni maganda, kisha twangeni katika kinu kilichooshwa mpaka zitoe mafuta na kuwa laini kama siagi.

Pili, nawani mikono kwa sabuni, osheni matunda kabla ya kuyamenya. Pondeni ndizi na papai katika bakuli kwa uma au mwiko mpaka madonge yaishe.

Tatu, changanyeni kakao na maji ya moto kidogo ili isifanye vidonge. Tieni siagi ya karanga, kisha matunda, kisha maji yaliyobaki, mkikoroga polepole. Sukari haihitajiwi, maana ndizi iliyoiva sana ni tamu ya kutosha. Kamulieni ndimu kidogo, nayo ladha itaamka.

Nne, kunyweni mara moja. Kinywaji hiki hakingoji mchana. Joto la kwetu hukiharibu upesi, na kilichobaki chaweza kuleta kuhara.

Aliyepata mbegu kavu za kakao kutoka kwa ndugu wa Beni asitafute kopo. Na azikaange kama karanga, aondoe maganda, azitwange zikiwa bado na moto. Karibu nusu ya mbegu ni mafuta, kwa hiyo zitalainika zenyewe kinuni. Hiyo ndiyo chokoleti isiyo na sukari.

Maneno ya wanaokataa

Wengine husema, "Matunda asubuhi huleta minyoo." Sivyo. Minyoo huja kwa mayai yake yaliyo katika uchafu wa choo, katika udongo, na mikononi isiyonawiwa. Tunda lililooshwa halina kosa.

Wengine husema, "Asubuhi hakuna nafasi, shamba li mbali." Kweli. Basi twangeni karanga jioni ya Jumamosi, wekeni siagi yake katika chupa kavu yenye kifuniko. Itakaa siku kadhaa bila kuharibika. Asubuhi ni kuponda matunda tu, kazi ambayo hata mtoto wa miaka kumi aweza kuifanya.

Wengine husema, "Chokoleti yatia nguvu, nimeisikia mwilini." Ulichosikia ni sukari, pamoja na kitu kilicho ndani ya kakao kinachoamsha mwili, kama cha kahawa. Kinaamsha, kisha kinakuacha na njaa. Karanga hukaa tumboni mpaka umalize mstari wako wa shamba.

Neno zito ni hili: "Matunda ni ya kuuza, maana tutapata wapi karo ya shule, chumvi na sabuni?" Mama anayesema hivi hasemi uvivu wala ujinga. Najua barabara ya kwetu ilivyo, na jinsi kila kitu cha dukani kinavyopanda bei kikifika. Nako Salamabila, penye dhahabu ya Namoya, wachimbaji hulipa vema kwa tunda zuri. Kwa hiyo sisemi msiuze. Nasema kila kikapu kitoe fungu la nyumbani kabla hakijatoka mlangoni. Katika mapapai kumi, matatu yabaki. Katika debe la karanga, kopo mbili zibaki. Fungu hilo liwe la watoto, na mtu asiliguse kwa kununulia sukari. Mtoto akiugua, mama hushinda hospitali majuma mengi, shamba linaota majani, na faida ya soko lote inaisha.

Nanyi akina baba, neno langu ni fupi. Kikombe cha kwanza kiwe cha mtoto aliyeacha ziwa, cha pili cha mama mwenye mimba au anayenyonyesha. Mtu mzima mwenye afya aweza kungoja. Heshima yako haipunguki kwa kunywa wa mwisho.

Maonyo machache

Mtoto wa chini ya miezi sita apewe ziwa la mama tu, wala asipewe kinywaji hiki. Kuanzia miezi sita apewe kizito, kwa kijiko, bila kakao, bila sukari, na karanga ziwe laini kabisa. Karanga nzima zaweza kumkaba. Asali asipewe kabla ya mwaka mmoja. Ziwa liendelee mpaka miaka miwili na zaidi. Mara ya kwanza mwonjesheni kidogo tu. Akivimba midomo au kutokwa na vipele, acheni karanga, mlete hospitali.

Wenye upungufu wa damu, hasa akina mama wenye mimba, wasinywe chai wala kakao nyingi pamoja na chakula, maana huzuia mwili kupokea madini ya chuma yanayotengeneza damu. Kwao pera, chungwa au ndimu ni afadhali, kwa sababu husaidia kuyapokea. Mwenye ugonjwa wa sukari ale tunda zima kwa kiasi, asinywe kikombe kikubwa cha matunda yaliyopondwa, naye aulize mganga wake.

Tena, mtoto ambaye tayari amevimba miguu msijaribu kumponya nyumbani kwa kikombe hiki. Mleteni apimwe siku hiyohiyo. Kinywaji ni cha kuzuia shimo lisichimbwe. Aliyekwisha kutumbukia anahitaji mikono ya kumtoa.

Wala kikombe hiki hakiondoi chakula cha mchana. Sombe yenye mawese na karanga, maharagwe, samaki wa Luama au wa Lualaba, yai la kuku wako mwenyewe, vyote vina kazi yake. Asubuhi tunafungua mlango tu.

Basi, Jumamosi hii hesabuni pesa iliyokwenda kwa sukari na makopo mwezi huu. Halafu tokeni nje, mhesabu miti ya matunda iliyo uani. Mwenye mpapai mmoja na apande wa pili. Asiye nao na aombe mbegu kwa jirani, azipande karibu na pale anapomwaga maji ya kuoshea vyombo, nao kwa kawaida utazaa kabla mtoto aliyezaliwa leo hajafikisha miaka miwili, yaani wakati uleule atakapoacha ziwa na kuhitaji kikombe chake.